Maswali ya Wasomaji: Reli ya Mezani Katika Hewa Kavu ya Dodoma

Barua za toleo hili zimetoka kwa wanaojenga reli ndogo majumbani, kuanzia Mpwapwa hadi Manyoni. Tumezifupisha, ila maswali yenyewe hatukuyagusa. Vipimo vyote ni vya skeli ya 1:87, yaani sentimita moja ya mezani inasimama badala ya sentimita 87 za ardhini.

Nililaza reli mwezi Julai juu ya plaiwudi ya futi nane kwa nne. Viungo vyote nilivibana, hapakubaki uwazi hata wa unywele. Oktoba hii njia imejikunja kama nyoka sehemu mbili na mabehewa yanaanguka. Jirani anasema niliuziwa reli feki. Ni kweli?
*Msomaji, Kisasa, Dodoma*

Reli yako ni nzima. Tatizo ni mwezi uliolaza na jinsi ulivyobana.

Mambo mawili yamekutana. La kwanza ni joto. Reli hizi hutengenezwa kwa mchanganyiko wa shaba, nikeli na zinki, na mita moja yake hurefuka karibu theluthi moja ya milimita joto likipanda nyuzi 20. Kati ya usiku wa Julai na mchana wa Oktoba chini ya bati, tofauti hiyo inafikiwa bila shida. La pili ni ukavu, nalo wengi hawalifikirii. Tangu mvua zikatike, mbao za meza yako zimekuwa zikipoteza maji na kusinyaa. Kwa hiyo reli inarefuka huku kilichoibeba kinafupika. Isipopata pa kwenda, inainuka au inakwenda pembeni. Kwa mkoa kama huu, sisi tungeulaumu ukavu wa mbao kwanza, joto baadaye.

Usibomoe. Tafuta sehemu zilizonyooka, ukate reli zote mbili kwa msumeno wa meno madogo sana au diski ndogo ya kukatia, mkato mmoja kila baada ya mita moja hadi moja na nusu. Nafasi ya nusu milimita inatosha. Kama huna cha kupimia, kunja karatasi ya kawaida ya kuandikia iwe na tabaka tano, uiingize kwenye mkato. Piga tupa kingo za ndani ili ukwato wa gurudumu, yaani ukingo wake unaoshuka upande wa ndani wa reli, usigonge. Usikate katikati ya kona: reli iliyopindwa ina nguvu ya kujinyoosha, na kiungo kilicho wazi hapo hugeuka kuwa pembe. Viungo vya kwenye kona vilehemu kabisa, nafasi ziwe mwanzoni na mwishoni mwa kona. Kila kipande ulichokitenga kipate waya zake za umeme, maana kiungo kinachocheza hakiaminiki kwa umeme.

Halafu ziba njia za unyevu kwenye mbao. Paka rangi ya mafuta au vanishi mikono miwili juu, chini na kwenye kingo. Kingo ndizo zinazosahaulika, na ndiko plaiwudi inakonyweshwa na kukaushwa haraka kuliko kwingine. Kama bado hujamaliza fremu, mbao za mbili kwa mbili ukizitoa dukani zilaze chumbani wiki tatu au nne, zitenganishwe na vijiti ili hewa ipite, ndipo uzipige misumari. Mbao nyingi zinauzwa zikiwa bado na maji.

Atakayelaza reli Julai aache nafasi. Atakayelaza mwishoni mwa Oktoba au Novemba kabla ya mvua anaweza kusogeza viungo karibu, kwa sababu wakati huo reli imeshafika urefu wake na mbao imeshafika ufupi wake.

Nimestaafu kazi ya reli. Nataka reli ya zamani na SGR zipite sambamba mezani kama zinavyoonekana hapa kwetu. Mjukuu anasema ninunue njia ya aina moja nipake rangi tofauti. Mimi nataka upana wenyewe utofautiane. Inawezekana?
*Mstaafu, Kilimani, Dodoma*

Shikamoo mzee wetu. Inawezekana, na kwa hili jicho lako limemshinda mjukuu. Reli ya Kati, iliyofika Dodoma mwaka 1910 na Kigoma mwaka 1914, ina upana wa milimita 1,000. SGR ina milimita 1,435. Gawanya kwa 87: ya kwanza inakuwa milimita 11.5, ya pili 16.5. Milimita 16.5 ndicho kipimo kilichoenea kuliko vyote katika kazi hii, duniani huitwa HO. Kwa reli ya zamani agiza njia ya milimita 12, inayoitwa HOm. Nusu milimita iliyozidi hakuna atakayeiona. Njia hiyohiyo ya 12 inafaa hata ukitamani kuonyesha TAZARA, kwani milimita zake 1,067 zinashuka kuwa 12.3.

Njia ya milimita 12 inapatikana kwa sababu reli nyingi za milimani Uswisi, kama Rhätische Bahn, ni za mita moja kama yetu. Wajapani nao hutengeneza treni za 1:87 zinazotembea kwenye milimita 12. Usitegemee kukuta kichwa cha treni cha Reli ya Kati kikiwa tayari kwenye boksi. Nunua chesisi ya milimita 12 iliyo na mota nzuri, kisha jenga bodi juu yake kwa karatasi ya plastiki ya milimita 1, au uchapishe kwa printa ya 3D. Behewa lenye urefu wa mita 13 litakuwa na sentimita 15. Kabla ya kukata chochote, pima umbali wa kati kwa kati wa magurudumu ya chesisi uliyo nayo, kwa sababu hicho ndicho kitakachoamua bodi inakaaje.

Mpangilio tunaoupendekeza ni reli ya zamani mbele, ikifuata ardhi, na SGR nyuma yake juu ya tuta la sentimita 6 hadi 8. Tuta liwe na mteremko wa sentimita moja kwenda juu kwa sentimita moja na nusu hadi mbili kwenda pembeni. Likiwa wima zaidi ya hapo macho yanalikataa.

Nyaya za juu ziwe za maonyesho tu, zisibebe umeme. Nguzo ukizipanga kwa umbali halisi zitapishana zaidi ya nusu mita na meza itaonekana tupu, kwa hiyo zisogeze hadi sentimita 35 au 40. Waya uwe wa fosforasi-bronzi wa nusu milimita, kwa kuwa shaba ya kawaida ni laini na inalegea ikiguswa mara moja. Mkono wa juu wa kichwa cha treni ufunge kwa uzi ubaki milimita moja chini ya waya. Ukiuacha usukume waya, siku moja utanasa na kung'oa nguzo tatu kwa mpigo.

Kokoto za kuagiza ni ghali, nikachota mchanga korongoni. Baada ya siku mbili kichwa cha treni kimekwama, na fundi amekuta chembe nyeusi zimegandia kwenye mota. Isitoshe nikimwaga gundi, mchanga unakusanyika madonge. Nimekosea wapi?
*Mwalimu, Manyoni*

Chembe nyeusi ni madini ya chuma yanayovutwa na sumaku, na mchanga wa makorongo ya huku unayo kwa wingi. Mota ina sumaku ndani, basi kila kichwa kinapopita kinazinyonya. Hilo linatibika kwa sumaku vilevile. Vunja spika mbovu utoe sumaku yake, ifunge ndani ya mfuko wa nailoni, pitisha kwenye mchanga uliotandazwa juu ya gazeti. Chembe zitang'ang'ania nailoni. Geuza mfuko nje-ndani na zitaanguka. Rudia mpaka sumaku itoke safi mara tatu mfululizo. Mara moja haitoshi.

Ila kabla ya kuhangaika na mchanga, fika mahali wanapoponda mawe uombe vumbi la kokoto. Graniti ya kijivu ya Dodoma na Singida ndiyo rangi ya kokoto za kweli, na chembe zake zina pembe. Mchanga wa korongo umeviringishwa na maji, hukaa kama shanga. Vumbi nalo lipitishe kwenye sumaku.

Ukubwa wa chembe ndio unaodanganya wengi. Kokoto halisi za reli ni kati ya sentimita 2.5 na 6. Gawanya kwa 87, unapata milimita 0.3 hadi 0.7. Chekecha kwanza kwa chekecheo la unga, kisha kile kilichopita kichekeche tena kwa kitambaa cha neti laini ili vumbi lenyewe lianguke. Kinachobaki katikati ndicho chako. Kioshe hadi maji yawe meupe, kisha kikaange kwenye sufuria kavu nusu saa huku unakoroga, ili mayai ya wadudu na mbegu zife.

Sasa madonge. Gundi yako inaelea juu kwa sababu mchanga mkavu unakataa maji, kama vumbi la barabarani linavyokataa matone ya kwanza ya mvua. Lazima kwanza ulainishe njia. Mwaga kokoto katikati ya reli na pembeni, mita moja ya njia itakula kama mililita 150. Zisawazishe kwa brashi laini, zisipande juu ya mataruma, halafu gonga reli kidogo kwa mpini wa brashi ili chembe zilizokwama pembeni ziteremke. Uvumilivu wako wote uweke hapa. Kokoto ambazo hazikukaa vizuri zikiwa kavu hazitarekebishika zikilowa.

Chupa ya kupulizia iwe na spiriti nusu na maji nusu. Puliza kutoka juu, sentimita 30, ukungu ushuke wenyewe. Ukipuliza kwa karibu utachimba mashimo. Fungua madirisha, na jiko lisiwe linawaka karibu. Rangi ya kokoto ikiiva, yaani zimelowa hadi chini, chukua gundi nyeupe ya mbao kipimo kimoja, maji vipimo vitatu, na tone moja la sabuni ya vyombo kwa kila glasi. Idondoshe kwa bomba la sindano lisilo na sindano, tone kwa tone katikati ya mataruma. Itazama yenyewe. Futa juu ya reli kabla haijakauka, uiache saa 24.

Kwenye pointi, yaani pale njia inapogawanyika, usimwage kokoto chini ya ulimi unaosogea. Paka mbao hapo rangi ya kijivu tu. Tone moja la gundi likiingia kwenye bawaba, pointi imekufa.

Transfoma yangu ni ya volti 12. Treni ikiwa karibu nayo inakimbia, ikifika upande wa pili wa meza inatambaa. Kaka ananishauri niongeze hadi volti 16.
*Mwanafunzi wa chuo, Area C, Dodoma*

Usiongeze. Utaunguza mota karibu na transfoma na kule mbali bado itatambaa. Umeme wako unapotea njiani, hasa kwenye viungo. Reli yenyewe ni pitisho hafifu ukilinganisha na shaba, na kila kiungo kilicholegea au chenye vumbi kinaongeza kizuizi.

Weka waya mbili nene za milimita mraba 2.5 chini ya meza zikifuata njia, nyekundu na nyeusi. Kila mita moja panda na waya nyembamba ya milimita mraba 0.5 hadi kwenye reli, isizidi sentimita 20. Lehemu upande wa nje wa reli. Chuma cha kulehemu kiwe cha wati 40 hadi 60, chenye joto la kutosha, uguse sekunde mbili au tatu uondoke. Chuma chenye joto dogo ndicho kinachoyeyusha mataruma ya plastiki, kwa sababu utakishikilia muda mrefu. Weka vipande vya kitambaa kibichi pande zote mbili. Tumia lehemu yenye utomvu ndani. Asidi ya mafundi wa mabati usiisogeze hapa, itakula waya polepole na utatafuta hitilafu mwakani.

Pima kwa multimita treni ikiwa inatembea. Treni ikisimama kipimo hakina maana, kwa sababu bila mzigo volti zinaonekana sawa kila mahali. Tofauti kati ya karibu na mbali ikizidi nusu volti, kuna kiungo kibovu. Wanaotumia mfumo wa kidijitali wachukue sarafu ya shilingi 200 waibandike juu ya reli zote mbili, kila kona ya meza. Mashine inayopeleka umeme kwenye reli lazima iukate papo hapo. Mahali isipokata, waya ni nyembamba mno na siku ya shoti itachemka.

Mibuyu yangu inafanana na karoti. Nisaidieni.
*Msomaji, Mpwapwa*

Labda umeanza na shina jembamba na kulinenepesha kwa chini tu. Mbuyu mkubwa wa huko kwenu una kimo cha mita 15 hadi 20, na shina la mita 3 hadi 5 kwa upana. Mezani ni kimo cha sentimita 17 hadi 23 na shina la sentimita 3.5 hadi 5.7. Unene huo unaendelea karibu hadi matawi yanapoanza, kisha mti unaishia ghafla.

Chonga moyo wa shina kwa stairofomu. Chukua waya laini wa milimita mraba 2.5, uuchune: ndani una nyuzi kama 50. Kata vipande vinne vya sentimita 30, vibandike kuzunguka shina, na kule juu anza kugawa: nyuzi 50 ziwe matawi mawili ya 25, kila moja liwe 12 na 13, hadi ubaki na nyuzi mbilimbili. Matawi ya mbuyu ni manene kwenye shina na hukonda haraka, kwa hiyo sokota kwa nguvu mwanzoni na ulegeze mwishoni. Kwa gundi, tumia nyeupe ya mbao. Gundi ya viatu huyeyusha stairofomu.

Funika shina kwa ujiuji wa plasta ya POP, gundi nyeupe na unga wa msasa wa mbao, mzito kama uji wa lishe. Kabla haujakauka kabisa, pitisha vidole vilivyolowa kutoka juu kwenda chini utengeneze mikunjo. Rangi ni kijivu yenye wekundu kidogo. Kahawia ni kosa. Kimo cha sentimita moja na nusu hadi mbili kutoka chini chora kovu lililozunguka shina, pale watu wanapobandua magome ya kamba. Mabuyu yawe punje za ulezi zilizochovywa kwenye gundi. Majani usiweke kama mandhari yako ni ya kiangazi. Mbuyu hukaa mtupu miezi mingi, na hiyo ni nafuu kubwa kwa mjenzi.

Jambo moja kuhusu majabali yanayokaa karibu na mibuyu hiyo: usitumie graniti halisi. Chembe ya milimita 5 ndani ya jiwe itasomeka kama doa la sentimita 43. Mimina POP kwenye karatasi ya alumini ya jikoni iliyofinywa, kisha pitisha rangi nyeusi iliyozimuliwa mara 20 ikae kwenye nyufa.

Nataka treni ipande ukuta wa Bonde la Ufa kutoka Kintinku kwenda Saranda. Meza ina mita 3, ukuta nimeupa sentimita 25. Magurudumu yanazunguka bila kusogea.
*Msomaji, Bahi*

Umeipa treni mwinuko wa zaidi ya asilimia 8. Asilimia 2, yaani sentimita 2 kwa kila mita, ndiyo ya starehe, na juu ya 4 ni mateso hata kwa mabehewa matatu. Kwa asilimia 2 ungehitaji mita 12 na nusu. Kona ikiwa ndani ya mwinuko hali inakuwa mbaya zaidi, kwa sababu magurudumu yanasugua.

Badala ya kupandisha reli, shusha ardhi. Kata plaiwudi upande wa mbele, ujenge bonde sentimita 15 chini ya njia. Reli ipande sentimita 5 tu katika mita hizo tatu, na sentimita 30 za mwanzo na za mwisho ziwe za kuingia na kutoka taratibu ili kichwa kisining'inie. Mtazamaji atahesabu kimo kuanzia chini ya bonde, naye ataona sentimita 20.

Mchwa wamekula miguu ya meza na tabaka la koki (gome laini kama la vizibo vya chupa) chini ya reli. Dawa gani?
*Msomaji, Kongwa*

Miguu iwe ya chuma, au ikae ndani ya vikopo vya bati vyenye mafuta machafu. Meza isiguse ukuta, acha sentimita 10, la sivyo watajenga daraja la udongo. Koki badilisha na sponji ngumu ya milimita 3 hadi 5, ile ya kufungia vifaa vya umeme. Udongo na majani makavu ya mandhari yakaangwe kabla ya kutumika, kama tulivyomweleza mwalimu wa Manyoni.

Nasafisha reli kwa msasa kila wiki lakini treni bado inakatakata. Chumba hakina dari.
*Msomaji, Makole, Dodoma*

Acha msasa leo. Kila mkwaruzo ni mfereji wa kushika vumbi, na kadiri unavyosugua ndivyo reli inavyochafuka upesi. Steelwool ni mbaya zaidi, nyuzi zake huingia kwenye mota. Tumia spiriti ya hospitali na kitambaa cha fulana kuukuu. Sugua mpaka kitambaa kisitoke na weusi, kisha geukia magurudumu, kwa kuwa uchafu mwingi unatembea nayo: laza kitambaa chenye spiriti juu ya reli, egesha nusu ya kichwa cha treni juu yake na nusu kwenye reli tupu, washa taratibu ukiwa umekishika. Baadaye kigeuze.

Piga dari, hata ya siling'bodi nyepesi, maana vumbi la kiangazi linapita kwenye mikunjo ya bati. Upepo hapa hutoka sana mashariki, kwa hiyo dirisha la upande huo liwe na pazia zito. Sakafu idekiwe, isifagiwe. Meza ifunikwe kwa kanga au shuka. Nailoni inahifadhi joto, na umeshasoma joto linafanya nini kwa reli.

Mafuta kwenye gia yawe tone moja la ncha ya sindano. Yakizidi yanashuka kwenye reli na kufanya tope na vumbi. Mwisho, angalia mabehewa yako. Kama magurudumu ni ya plastiki, yabadilishe polepole uweke ya chuma, ukianza na mabehewa yanayotembea kila siku. Plastiki hukusanya ule uchafu mweusi na kuusambaza upya kwenye njia uliyotoka kuisafisha.